Mkono wa Kerubo kwenye Mlima wa Manga

Vijana wa timu, nahodha wenu ameniomba niwaandikie machache ya kuwafaa, kwa kuwa sasa nimetundika baiskeli. Ameniambia nisizidishe, na kwamba zaidi niandike kuhusu kupanda milima, maana huko ndiko nilikojulikana. Nitajaribu. Lakini miaka yote niliyokaa juu ya kile kiti chembamba ilinifunza kuvumilia tu, haikunifunza kufupisha maneno. Vikombe sitavitaja. Vingi viko kwa mama, anawekea mbegu za kunde, na kwa kweli sijaona kazi nyingine ambayo vingefaa.

Nilizaliwa Manga, upande wa Nyamira, mahali ambapo ukidondosha kiazi mlangoni kwako unakwenda kukiokota kwa jirani. Baba alikuwa na baiskeli moja ya chuma, nzito, na kazi yake ilikuwa kupeleka majani chai kituoni. Kituo kilikuwa juu na nyumba yetu chini. Aliyepanga hivyo hakuwahi kubeba gunia. Mimi nilishika usukani, na dada yangu Kerubo, aliyenitangulia kuzaliwa, akasukuma kutoka nyuma, mkono mmoja kwenye gunia na mwingine mgongoni mwangu. Kwetu kusukumana si hisani. Ukimkuta mtu mlimani na mzigo, unaweka mkono bila kuulizwa. Hata kama mmekosana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba, unamsukuma kwanza, ugomvi mtaumalizia huko juu kwenye tambarare.

Watu wa magazeti walipenda kuandika kwamba mlima ule ndio ulionipa miguu. Ni kweli, lakini nusu ya miguu hiyo ni ya Kerubo. Nilipoenda sekondari yeye alibaki nyumbani kuchuma chai, na karo yangu ilitoka kwenye vidole vyake. Hakuwahi kulisema jambo hilo, na mimi sikuwahi kumuuliza kama alitaka kubaki.

Aliyenifunza kazi ni fundi Ogeto, mwenye kibanda cha baiskeli sokoni Ekerenyo. Alikuwa ameshindana ujanani, enzi ambazo mtu alishindana Jumapili na Jumatatu akaenda kupeleka maziwa kwa baiskeli ile ile. Siku niliyompelekea rimu iliyopinda, hakuiangalia rimu. Aliniangalia mapaja, akanikabidhi baiskeli ya mteja na kuniambia nipande nayo mpaka shuleni nirudi. Niliporudi aliniuliza kwa nini nilikuwa nikitazama juu. Nikasema nilikuwa naangalia kama nimekaribia. Akasema, "Huko juu hakuendi popote, mura. Angalia gurudumu lako." Somo hilo moja limenifikisha mbali kuliko mengi niliyofundishwa baadaye na watu wenye kompyuta.

Ogeto alinyoosha magurudumu kwa sikio. Aligonga spoku moja baada ya nyingine kama mtu anayepatanisha nyuzi za obokano, zeze la kwetu, akikaza hapa, akilegeza pale, mpaka zote ziimbe sauti moja. Alinifunza kuisikiliza cheni: ikilia ina kiu, ikigonga imechoka, ikinyamaza usiiguse. Ninyi leo mna fundi anayewaoshea baiskeli mkiwa mmelala, nanyi mnamlalamikia. Hayo ni yenu.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa mjini Kisii, kupanda Nyanchwa na kuteremka, mizunguko kadhaa. Yalikuwa Jumapili, maana Jumamosi Nyanchwa ni ya kanisa la Wasabato na hakuna anayethubutu kupita pale akipiga kengele. Nilivaa kaptura ya michezo ya shule. Tulipopanda niliwaacha wote, tulipoteremka wote wakaniacha. Hakuna aliyekuwa amenifunza kuteremka, kwa sababu kwetu mteremko unaushuka kwa miguu ukiishika baiskeli pembe kama fahali. Breki yetu ilikuwa soli ya kandambili. Nilijifunza kuteremka baadaye sana, kwa kuanguka, na ngozi ya kiwiko changu cha kulia mpaka leo haioti nywele.

Timu iliponichukua, siku ya kwanza nilikaa mbali na gurudumu la aliyekuwa mbele yangu. Nilidhani ni adabu. Nyumbani hatukufundishwa kumpumulia mkubwa mgongoni. Nahodha wa wakati huo akanigombeza kwamba nakula upepo bure. Kule Bonde la Ufa upepo ulinipeperusha kama kanga kwenye kamba. Mtu mwepesi mlimani ni mfalme, lakini kwenye tambarare ni mzigo wa wenzake. Kwa hiyo nilijificha nyuma ya mapande ya watu, na deni hilo nikalilipa kwa kuwabebea chupa za maji na kumvuta kiongozi wetu, yaani kumkatia upepo mbele yake, mwanzo wa kila mlima. Nikishamvuta nikachoka, yeye aliondoka nami nikabaki. Kazi ya mpandaji mara nyingi ndiyo hiyo: kumaliza nguvu mahali unapopapenda, ili mwingine ashangiliwe.

Na njaa. Vijana, wazee wa kazi hii hawawaambii habari ya njaa. Kilo moja ya mwili ni kilo moja ya kupandisha, basi nikakataa ugali, nikakataa chapati, nikakataa kuku wa shangazi zangu mbele ya macho yao. Kwetu ukikataa chakula umemkataa mpishi. Shangazi mmoja alimwita mama pembeni kumuuliza kama nimepimwa. Ni Kerubo peke yake aliyeelewa. Nikienda nyumbani alinifungia ndizi mbivu na njugu, akaniambia nile nikiwa njiani asije mtu akaniona nikila kwake nimekataa kwingine. Naikumbuka ile meza ya mama, sufuria zikifunikwa upya kwa sababu yangu, na inaniuma. Wengi wa shangazi hao hawapo tena nikawaombe sahani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnadhani mnalijua.

Mwaka ule mashindano makubwa ya siku kadhaa yaliletwa kwetu, na siku ya mlima ikapangiwa kumalizikia juu Manga. Ilikuwa Jumapili. Kwa miaka mingi siku za milima zilikuwa zikiangukia Jumamosi, kwa hiyo Kerubo, Msabato kamili, hakuwahi kuniona nikishindania timu hata mara moja. Safari hii hakuwa na kizuizi. Wakatoliki nao, nasikia, waliiharakisha misa.

Meneja wetu aliniambia asubuhi kwamba leo simvuti mtu, leo navutwa mimi. Ndani ya gari moja la nyuma alikuwemo mzungu wa timu ya ng'ambo. Alikuwa amenitazama siku zilizotangulia, na alikuwa amesema wazi mbele ya meneja: nikishinda Manga, ananichukua nikapande ile milima mikubwa ya Ulaya. Nilikuwa nimeitamani milima hiyo tangu kwenye kibanda cha Ogeto, alikobandika ukutani picha ya mmojawapo mpaka ikafifia ikawa ya buluu tupu. Na umri wangu haukuwa wa kungoja nafasi nyingine.

Tulipita Ekerenyo kwa kasi. Hapo ndipo msaidizi wetu alipokuwa amesimama kando ya barabara na mfuko wa chakula, ameunyoosha niunyakue nikipita. Lakini hatua chache kabla yake alikuwa amesimama Ogeto juu ya stuli. Alikuwa amefunga kibanda mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliniita jina langu. Jamani, mnielewe: mzee aliyekulea anakuita, utapita umenyamaza kama mwizi? Nikainua mkono nikamwamkia. Na ule ndio mkono uliopaswa kupokea mfuko. Nilipoushusha, msaidizi alikuwa nyuma yangu akipiga kelele.

Nilijiambia nitafika. Nyumbani hakuna mbali.

Chini ya Manga tulibaki wawili mbele, mimi na kijana mmoja wa Eritrea aliyepanda bila kutikisika, amefunga mdomo. Nilichomoka mara mbili akanifuata. Mara ya tatu hakuja. Nikawa peke yangu, na barabara ikawa nyembamba kwa watu. Kila uso niliujua. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwepo, na watu wa kituo cha chai, na mtu tuliyekosana naye kwa mpaka. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Halafu nikazima. Anayejua anajua. Hakukuwa na maumivu. Miguu ilikuwa pale lakini haikuwa yangu. Macho yaliona barabara ikipinda nami nikawa sipindi. Njaa ya asubuhi yote ilinikamata kwenye ile kona kali, mahali ambapo upande wa kushoto ukingo unakatika ghafla na chini yake ni mawe.

Ndipo nikausikia mkono mgongoni. Sikugeuka. Niliujua kabla haujaanza kusukuma, kwa jinsi kiganja kilivyokaa kiunoni kama zamani. Kerubo alinisukuma akikimbia na sketi yake ya kanisani, na watu walipoona dada yangu amesukuma, wakaona basi, ndivyo inavyofanywa. Mkono ukaongezeka juu ya mkono. Walinipandisha kama gunia la majani. Mwamuzi kwenye pikipiki alipiga filimbi mpaka akachoka.

Sheria mnaijua. Ukisukumwa unatakiwa ukatae, utikise mkono, uonekane unakataa. Sikuwa na nguvu ya kukataa kitu. Nilivuka mstari nikiwa wa kwanza, watu wakaimba, na kabla wimbo haujaisha ikatangazwa kwamba nimeondolewa na ushindi ni wa yule kijana. Mzungu alinipa mkono kwa upole na akaondoka. Meneja akasema kumbe mcheza kwao hutunzwa mpaka akaharibiwa.

Watu wa redio walinizunguka, mmoja wao akiuliza jina la huyo mwanamke aliyeniharibia. Niliona umati ukianza kugeuka, waliosukuma wakisogea mbali na yule aliyeanza. Nikataka kumkinga. Nikasema kwa sauti, "Msimlaumu. Ni mama wa kijijini tu, hajui sheria hizi."

Nilisema hivyo kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo.

Jioni ile ile niliwaambia nyumbani kwamba nilikuwa nimekwisha kabla hajanigusa, kwamba kosa lilikuwa langu, la ule mfuko wa chakula nilioukosa. Hakuna aliyeamini. Walisema mtoto huyu ana moyo mzuri. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunihurumia, na kadiri walivyonihurumia ndivyo walivyomtazama Kerubo vibaya. Kwenye kituo cha chai walimwomba awasukumie magunia, wakicheka. Basi kila nilipoulizwa, mjini, redioni, kambini, nilimtetea kwa maneno yale yale: hakujua, mama wa kijijini, angejuaje. Maneno yakapendwa. Ninyi wenyewe mnayatumia. Mtazamaji akimgusa mtu barabarani mnasema "kumepita mama wa Manga", na mpandaji mgeni asiyejua kanuni mnamwita hivyo hivyo. Wengi wenu hamjui kwamba ni mtu, wala kwamba aliyelianzisha jina hilo ni mimi.

Kerubo hakusimama tena kando ya barabara yoyote. Ndizi na njugu alizidi kunifungia, ila alimpa mama anipe. Mimi nikajiwekea dawa yangu moyoni: mashindano yatarudi Manga, nitakula vizuri, nitapanda peke yangu bila mkono wa mtu, na watu watasahau. Nilifanya mazoezi kwa ajili ya siku hiyo kuliko kwa siku nyingine yoyote. Kila mwaka nilifungua ramani ya njia nikitafuta Manga. Haikurudi. Barabara ilisemekana ni nyembamba, na watu wake hawadhibitiki. Wapandaji wadogo wakaja, goti langu likaanza kunitabiria mvua, na mwisho nikawa mimi ndiye ninayevutwa mwanzo wa mlima na kuachwa katikati.

Nimestaafu bila siku ile. Nilirudi nyumbani, na kwa kuwa sijui kukaa bure nikaanza kuchuma chai na Kerubo. Ninachuma vibaya, nang'oa na vijiti. Tulichuma siku nyingi tukizungumza habari za mvua na za watoto wake. Asubuhi moja nilishindwa kujizuia. Nilimwambia, mstari wake wa chai na wangu ikiwa sambamba, kwamba nasikitika mashindano hayakurudi nikamwondolea lile jina, kwamba siku zote nimewaambia watu hakujua.

Aliacha kuchuma. Tulikuwa tukiongea Kikwetu. Hapa natafsiri nilivyosikia.

"Nani alikwambia sikujua?"

Nikasema hakuna aliyeniambia, ila nilijua tu.

"Gari la vipaza sauti lilipita mara mbili asubuhi ile," alisema. "Kwa Kiswahili na kwa Kikwetu. Msiwaguse, atakayeguswa atatolewa. Nilisikia vizuri. Niliwaambia hata watoto warudi nyuma."

Nikamuuliza kwa nini basi.

"Bega lako la kushoto lilianguka. Miaka yote nikiwa nyuma ya ile baiskeli, nilijua bega hilo likianguka umekwisha, unaenda kushoto na gunia lako. Na kushoto pale kuna mawe. Nikajiuliza: ashinde, au asianguke? Nikachagua. Ningekuwa na nafasi ya kuuliza mtu ningeuliza."

Yeye ndiye aliyeendelea, na hakupandisha sauti.

"Kucheka kwao hakukuniuma sana. Watu hucheka. Nilirudi nyumbani kabla hujafika, nikakaa jikoni nimewasha redio nijue kama uko mzima. Nikakusikia ukiwaambia kwamba mimi sijui kitu. Nikangoja siku utakayokuja kuniuliza mwenyewe."

Akarudi kuchuma.

Vijana, nimeanguka kwenye lami, nimeanguka kwenye changarawe, nimevunja mfupa wa bega na taya. Sijawahi kuangushwa kama nilivyoangushwa pale katikati ya chai na mtu ambaye hata hakunitazama. Nilimtetea kwa kumfanya mjinga. Watu wote wa nyumba ile waliulizwa kuhusu siku ile isipokuwa yeye. Mtu wa redio aliuliza jina lake, nami nikampa "mama wa kijijini".

Niliteremka mjini Kisii mpaka kituo cha redio, nikaomba nafasi nirekebishe. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole. Aliniuliza mimi ni nani, na ni mashindano gani, na kama kuna habari mpya. Nikasema ndiyo, ipo. Nilipomaliza kuieleza aliniambia watanipigia simu. Najua sauti ya mtu ambaye hatapiga.

Kwa hiyo nimebaki na ninyi. Mbinu za mlima nahodha atawafundisha, anazijua vizuri kuliko mimi: kuleni mapema, msitazame juu, salimieni kwa mkono usio na kazi. Mimi nina ombi moja. Nilimuuliza Kerubo nikiandika niseme nini juu yake. Alifikiri, akaniambia niandike jina lake, na niandike kwamba alikuwa amesikia gari.

Dada yangu anaitwa Kerubo. Alikuwa amesikia gari.